Msamaha wa Kosa Lisilotendwa

Upo uongo unaovaa nguo za unyenyekevu, mwanangu, nao ndio nitakaouzungumzia leo: kukiri kosa usilolitenda ili mambo yaishe. Wengi huuita busara. Mimi nimeuchunguza kwa miaka mingi, katika vitabu na katika maisha, na sijaona busara ndani yake. Nimeona woga uliofundishwa kupiga magoti.

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, nikiwa bado mgeni kazini katika ofisi ya chama cha wakulima wa kahawa, pale Muleba. Kazi yangu ilikuwa kutunza kompyuta. Tulikuwa tumezunguka Kishanda na Kimwani tukipima vibanja, yale mashamba ya migomba na kahawa, na kuandika kila mkulima anastahili miche mingapi, na jasho lote hilo lilihifadhiwa katika faili moja, ndani ya kompyuta moja ya mezani. Asubuhi hiyo faili halikuwepo. Miche ilikwisha kufika, imepangwa kivulini nyuma ya ofisi, na wakulima walikuwa njiani kuifuata.

Mtu wa mwisho kuonekana mbele ya kompyuta ile, jioni iliyotangulia, nilikuwa mimi.

Meneja wetu, tuliyemwita kwa heshima Ta Kaijage, yaani Baba Kaijage, hakuwa mkali. Laiti angekuwa mkali! Mkali humpa mwenzake nafasi ya kujitetea. Mpole aweza kumfungia mlango huku akimkaribisha chai. Alinikalisha, akanimiminia kikombe, akasema kwa sauti ya mzazi, "Mwanangu, hata mimi nimewahi kukosea. Sema tu kwamba ulifuta kwa bahati mbaya, uwaombe radhi wazee wakifika, yaishe."

"Waitu, mzee wangu, sikufuta."

"Nani amesema ulikusudia?"

Mtunza ghala wetu, Rwegasira, ambaye hakuwahi kupita mlangoni bila kuacha neno, akadakia: "Funika kombe mwanaharamu apite! Ukizidi kubisha tutaambiwa faili limeliwa na panya wa Kishanda."

Wakacheka. Nami nikacheka, na hapo ndipo nilipoanza kushindwa, maana anayecheka mzaha wa kushtakiwa kwake amekwisha kuweka saini nusu.

Sikiliza nilichokuwa nikipima. Nikikiri, ningebaki kazini, lakini ghalani, nikipanga magunia. Kompyuta nisingeigusa tena. Nikikataa, mkataba wangu wa majaribio usingeendelezwa. Na kwa njia yoyote ile, habari ingefika nyumbani. Baba yangu alikuwa katekista katika kijiji cha jirani na Rubya, na habari ya Muleba hufika huko kabla chungu cha ebitoke, ndizi zetu za kupika, hakijaepuliwa.

Ndipo nikamkumbuka mkusanyaji. Nikueleze, kwani si kila msomaji ameketi mbele ya mitambo. Kila kompyuta huandika kimya kimya yale yanayoipata: imewashwa lini, nani ameingia, kitu gani kimeharibika. Maandishi hayo hubaki ndani yake, na watu wengi hawajui hata kwamba yapo. Mkusanyaji ni programu ndogo unayoiweka humo ili iyasome maandishi hayo na kuyapeleka kwenye seva, mahali pengine penye usalama. Kwetu sisi seva ilikuwa makao makuu ya chama, mjini Bukoba. Miezi kadhaa nyuma tuliagizwa kumweka mkusanyaji katika kila kompyuta ya mezani, na mimi mwenyewe nilimweka. Nilimwanzisha katika lile dirisha jeusi la amri, nikaona mistari ikipanda, nikajipongeza, nikaenda zangu.

Nikampigia simu mama aliyesimamia mitambo huko Bukoba, tuliyemwita Ma Adventina.

"Muleba?" akasema. "Muleba mlinyamaza tangu wiki ile ile mliyoanza. Nimewaandikia, hamkujibu. Nikadhani mmeuza kompyuta mkanunua mbuzi."

Nikamweleza yote, nikamalizia, "Basi, mama, acha nikiri tu, yaishe."

Akauliza, "Ulifuta?"

"Hapana."

"Sasa utakiri nini? Unataka kumdanganya meneja wako kwa adabu?" Kisha akasema, kama mtu anayefunga kanga kiunoni, "Usikiri. Na mtu yeyote asiiguse kompyuta hiyo. Nakuja."

Alifika kabla ya saa sita, viatu vikiwa na tope jekundu. Wakulima walikwisha kujaa barazani. Hakuuliza nani alikosa. Aliuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria: "Mvua ikija na radi, hapa mnafanyaje?"

Ta Kaijage akamjibu kwa fahari kidogo, "Tunachomoa kila kitu, mama. Mngurumo wa kwanza tu."

Hakusema uongo. Huku kwetu kando ya ziwa, radi si hadithi ya kutishia watoto; kila nyumba imeonja. Mngurumo ukisikika, watu hukimbilia nyaya ukutani kama wanaoanua kahawa uwanjani. Ofisini tulizichomoa kompyuta zikiwa zinawaka, kazi ikiwa wazi, kisha wingu likipita tunazirudisha. Kompyuta ziliamka. Mkusanyaji hakuamka. Kwa kuwa nilimwanzisha kwa mkono, alihitaji mkono kila mara, na radi ya kwanza tu ilipopita, hapakuwa na mkono. Kuona kitu kikitembea leo si kujua kwamba kitatembea kesho.

"Keti wewe," Ma Adventina akaniambia nilipompisha kiti. "Mimi narudi Bukoba, wewe unabaki."

Kwanza alinakili kila kilichokuwemo ndani ya kompyuta, akakihifadhi kwenye diski yake mwenyewe. Kisha akanielekeza nimsajili mkusanyaji kama huduma ya mfumo, inayoamka pamoja na kompyuta bila kungoja mtu. Nimpe ruhusa ya kusoma maandishi ya mfumo. Nihakikishe anwani ya seva ni sahihi. Nilipodhani tumemaliza, akasema, "Zima. Washa. Kisha weka mikono mapajani."

Nikaiweka. Tukangoja. Mkusanyaji akaamka mwenyewe.

Lililofuata sikulitarajia. Programu ile huweka alama pale ilipoishia kusoma. Haikuanza na habari za siku hiyo. Ilirudi kwenye mstari wa mwisho iliousoma kabla ya kunyamaza, ikaanza kuyapeleka yote ya miezi yote. Sikuwa nimepoteza kitu. Kompyuta ilikuwa imeendelea kuandika wakati wote ule tuliodhani hakuna shahidi.

Ma Adventina akafungua kompyuta yake ya mkononi, akaitazama seva ya Bukoba, akatafuta asubuhi ile. Ta Kaijage akainama nyuma yake, miwani mkononi. Maandishi yalionekana wazi: umeme umekatika kompyuta ikiwa inawaka, tena na tena, kisha malalamiko kwamba diski ina sehemu mbovu, kisha, alfajiri ile, kompyuta ilipowashwa na mfagizi kama kawaida, mfumo ukaikagua diski, ukakuta rekodi iliyoharibika, ukaiondoa.

"Wakati huo nani alikuwa ameingia?" Ta Kaijage akauliza.

"Hakuna. Nywila ya kwanza iliingizwa baadaye. Soma mwenyewe."

Akasoma. Akavaa miwani akasoma tena.

"Lakini mfumo huu," mama akaendelea, "hautupi mabaki ovyo." Akafungua folda iliyofichwa, ambamo vipande vilivyookolewa huwekwa vikiwa na majina yasiyo na maana. Akabadili jina la kimoja, akakifungua. Mstari wa kwanza ulikuwa kibanja cha bibi mmoja wa Kishanda, na idadi ya miche yake.

Mwanangu, sijui kuieleza pumzi niliyoivuta. Nilitoka hadi nyuma ya ofisi, nikasimama katikati ya ile miche, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, na safari hii kicheko kilikuwa changu.

Rwegasira akapaza sauti barazani, "Panya amepatikana! Anakaa mbinguni, na ananguruma!"

Ta Kaijage alifanya jambo ambalo namheshimu nalo hadi leo. Alisimama mbele ya wakulima akasema, "Nilimtaka kijana huyu awaombe radhi. Wa kuomba radhi ni mimi, na mimi ninalo kosa la kuombea." Kisha miche ikaanza kugawiwa.

Kabla ya kuondoka, Ma Adventina aliniita kando. Hakunipongeza. "Ungekiri," akasema, "tungeacha kutafuta. Diski mbovu ingebaki humo ikila kazi za watu, na kila mara mngemtafuta mtu mpole wa kukiri. Halafu jibu barua zangu."

Basi hili ndilo neno langu. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na kukana usilolitenda ni sehemu ya kusema kweli, hata kama anayekuomba ukiri amekumiminia chai. Ukikosa, omba radhi upesi wala usitafute maneno. Usipokosa, sema hapana kwa heshima, kisha uwasaidie wenzako kulitafuta lililotokea, kwa maana ungamo la uongo huzima taa wakati watu bado wanatafuta sindano. Na kazi uliyopewa, hakikisha inasimama yenyewe hata isiposimamiwa: izime, iwashe, uitazame ikiamka. Kompyuta nayo izime kwanza, ndipo uichomoe.

Mungu akujalie shingo inayoinama kwa haki na kusimama kwa haki. Akupe wazee wasiochoka kuuliza. Na siku utakapobanwa ukakaribia kukiri la uongo, akuletee kwa njia yoyote ile, hata yenye tope, mtu kama yule aliyeletwa kwangu, Adventina Kemilembe.