Mlimau Juu ya Slabu

Kosa la kwanza halikuwa la Derlis, lilikuwa langu. Aliponiandikia kutoka Paraguarí, kwetu Paragwai, kwamba amehitimu uhandisi wa ujenzi na anakuja huku kwangu Buenos Aires kutafuta kazi, nilimshauri aje na shahada yake, tena ailaminishe isije ikaloa mvua. Niliamini kwamba karatasi ile ingesema kwa niaba yake, kama nilivyoamini kwa miaka mingi juu ya shahada yangu mwenyewe. Hata leo sina hakika kama nilikuwa ninamshauri yeye au ninajifariji mimi.

Kwa wiki tatu Derlis Ovelar aliizungusha shahada mjini, kaibana kwapani. Kila ofisi ilimweleza kwa upole kwamba karatasi ya Paragwai sharti ithibitishwe kwanza, na uthibitisho wenyewe huchukua muda mrefu kuliko kujenga ghorofa. Viatu vyake vilianza kucheka. Huko nyumbani, mama yake, Ña Blásida, aliyekuwa akiuza mikate ya chipa kituo cha basi, alikwisha kuwatangazia abiria wote kwamba mwanawe anajenga mnara Ajentina.

"Mmefika ghorofa ya ngapi, mwanangu?" aliuliza kwenye simu.

Derlis hakutaka kumwaibisha. "Ya sita, mama."

Wiki iliyofuata alisema ya tisa. Baada ya hapo kurudi mikono mitupu hakukuwezekana tena. Mnara ulikuwa umekwenda juu mno.

Ndipo akaenda kitongoji cha Lanús, mahali ambapo Waparagwai wenzake walikuwa wakimjengea muuza matairi mmoja, Don Rubén Scarpatti, nyumba ya ghorofa tatu. Nyapara alikuwa Don Isabelino, mzee mkavu aliyepima unyofu wa ukuta kwa kufumba jicho moja, na hakuna pima maji iliyowahi kumsuta. Aliipokea shahada, akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akaigonga kwa ukucha.

"Haipitishi maji?"

"Haipitishi, Don Isabelino."

"Basi hii naiajiri leo hii. Wewe utakuwa wa majaribio mpaka Jumamosi."

Kibarua aliyesimamia zege, Pánfilo, mnene mwenye mdomo usiojua kufunga, alimkabidhi kifaa chake cha kwanza. "Injinia, hili linaitwa koleo. Upande wenye chuma ndio wa chini. Ukichanganyikiwa, niite."

Jumatatu hadi Jumatano Derlis alibeba mchanga, akabeba maji, akabeba dhihaka. Alhamisi mchana alitumwa juu kuleta kamba. Huko, kwenye slabu ya mwisho iliyokwisha kukauka, akaona tawi la mti limefungwa kwa waya kwenye nondo. Alipoligusa, majani yake yalivunjika na kugeuka unga. Sasa, somo ambalo Derlis aliongoza darasa zima lilikuwa usalama kazini, na somo hilo lilimfundisha kwamba chochote kilicholegea juu ni kifo kinachosubiri upepo. Akalifungua, akalishusha, akalitupa katika gari la taka lililokuwa likiondoka. Kisha akateremka na kifua mbele, kama mtu aliyeokoa roho za watu.

Wenzake walikuwa wamekaa juu ya matofali wakinywa tereré, chai yao ya maji baridi, maana hata kipupwe cha Agosti hakimzuii Mparagwai. Aliposimulia alichofanya, kikombe kilichokuwa kikizunguka kilisimama mkononi mwa Pánfilo.

"Umefanya nini?" aliuliza Don Isabelino, taratibu.

"Nimeondoa hatari, Don."

"Hatari! Mwanangu, slabu ya mwisho ikishamwagwa, wajenzi hufunga tawi juu. Mwenye nyumba akiliona, anajua kazi ngumu imekwisha na sasa ni zamu yake kutulisha nyama choma. Hakuna tawi, hakuna nyama. Scarpatti anakuja kesho saa sita, mara ya kwanza tangu tumwage slabu. Ataona nini pale juu?"

Derlis alifikiri kwa uaminifu. "Ataona usalama."

"Vizuri," akasema Pánfilo. "Tutaukata vipande, tuutie chumvi, tuuchome."

"Kesho saa sita nataka tawi juu," akasema nyapara. "Lisipokuwepo, usingoje Jumamosi. Panda basi la kwenu."

Mtu angedhani kwamba katika mji mkubwa hivyo tawi si kitu cha kumkosesha mtu kazi. Lakini wakataji wa manispaa walikuwa wamepita wiki ile, na miti ya Lanús ilisimama mitupu, vigutu vimeelekea mbinguni. Ijumaa asubuhi Derlis aliuvizia mti mmoja wa mpira uwanjani, askari akamwuliza kama anataka kulala na mti huo au kituoni. Saa nne akarudi saiti mikono mitupu, akiwaza ni maneno gani ya kumwambia mama juu ya ghorofa zile tisa.

Ndipo akauona, uani kwa jirani, mlimau ndani ya nusu pipa, umechoka lakini bado una majani na malimau kadhaa. Akabisha hodi. Doña Nélida, mjane mwenye kope nzito na sauti ya tarumbeta, alifungua dirisha.

"Naomba tawi moja tu, mama yangu."

"Tawi? Tangu Machi ghorofa lenu limeniibia jua! Mlimau wangu unakohoa, na wewe unakuja kuukata mkono? Hupati hata jani."

Sijui ni shahada iliyozungumza au ni hofu, lakini Derlis alitazama pipa, akatazama slabu iliyokuwa inawaka jua, akasema, "Basi niupandishe wote. Jua lake liko kule juu."

Bibi aliinua macho hadi kwenye slabu. "Na pipa lake?"

"Na pipa lake."

"Yule mnene asiuguse."

Derlis alichora hesabu zake ukutani kwa chaki: uzito wa pipa, udongo, mti, na kapi nne za kugawana mzigo. Don Isabelino alisimama nyuma yake, jicho moja limefumbwa. Walipoanza kuvuta, pipa liliondoka ardhini kwa adabu kama bibi harusi. Kufika ghorofa ya pili likayumba, likagonga fremu ya dirisha, na malimau yakanyesha. Moja lilimpata Pánfilo utosini.

"Injinia! Na hili ulilikokotoa?"

"Hilo ni nyongeza!" akajibu Derlis, ameng'ang'ania kamba, mishipa imemtoka shingoni.

Saa sita kasoro dakika tano mlimau ulikuwa juu, umefungwa kwenye nondo, kijani kitupu juani. Saa sita gari la Scarpatti lilisimama. Kabla hajafungua mlango, limau la mwisho liliachia, likatua juu ya boneti. Mtu yule akashuka, akatazama limau, akainua kichwa.

"Isabelino, nini kile?"

"Tawi, Don Rubén."

"Lile ni tawi?"

"Limekua," akasema Don Isabelino, uso mkavu kama matofali. "Umechelewa kuja."

Scarpatti alipangusa boneti kwa leso, akajikuna shingo, akatazama tena juu kana kwamba mti ungeona haya ukajiondokea. Kisha akatoa simu, akamwagiza mwuza nyama wake mbavu na soseji za watu kumi na wawili.

Makaa yalikataa kushika. Don Isabelino aliangaza huku na huku akitafuta cha kupepea, akaichukua shahada kutoka katika mfuko wa Derlis, na ikapepea vizuri mno. Haikujikunja wala haikushika moto. Doña Nélida aliletewa ubavu dirishani, akaudai pamoja na limau.

"Jumatatu saa moja asubuhi," nyapara akamwambia Derlis, akimrudishia karatasi yake yenye harufu ya moshi. "Na hii uje nayo."

Jioni akampigia mama yake.

"Mmefika ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu, mama."

"Mbona mmeshuka?"

"Sasa ndiyo nimeanza kujenga."

Novemba, walipomteremshia Doña Nélida mti wake ukiwa umenenepa, alimweleza Derlis jambo ambalo hakuna mjenzi aliyelijua. Lile tawi la kwanza, alilolitupa kwenye gari la taka, lilikuwa limekaa juu siku kumi na saba, na katika siku hizo Scarpatti alikwisha kuja mara mbili, mchana wakati vibarua wamejilaza kivulini. Mara ya kwanza alisimama akalitazama, akarudi garini. Mara ya pili hakushuka kabisa. Aliliona kutoka kona ya mtaa, akarudi kinyumenyume mpaka barabara kuu. Ijumaa ile, kutoka kona ileile, aliona mlimau tu, akaja.