Moshi wa Pilipili Shambani

Jana jirani yangu alikaanga pilipili kavu. Moshi ulipoingia kwangu nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, kisha nikajikuta nacheka peke yangu.

Nilikuwa nimekumbuka shambani kwetu, enzi ambazo nilikuwa bado sijaanza shule. Tumbili walikuwa wakipanda kutoka mtoni na kumaliza mahindi yetu, yale machache tuliyopanda kando ya majani chai. Siku moja baba alirudi kutoka sokoni na sumu, akaketi uani akiipaka kwenye ndizi mbivu.

Mama akamwambia, "Baba watoto, huyu mtoto wako anaokota kila ndizi anayoiona. Ataijuaje ya tumbili?"

Baba akageuka. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikitafuna.

"Tema!"

Alinitia vidole mdomoni kabla sijaelewa. Ndizi ile nilikuwa nimepewa na mama jikoni, haikuwa na kitu. Hata hivyo, jioni hiyohiyo baba alichimba shimo refu, akafukia sumu na ndizi zote.

Kesho yake alitwanga pilipili mwenyewe, yeye ambaye hakuwahi kugusa kinu. Tulizichanganya na kinyesi cha ng'ombe, tukafinyanga madonge kama maandazi makubwa, tukayaanika. Yalipokauka tukayachoma upande upepo unakotokea, moshi ukatanda shamba zima.

"Haya, kaleni kwenu!" baba akapaza sauti.

Tumbili wakashuka mtoni wakikohoa. Wa mwisho alikuwa na mtoto aliyemng'ang'ania tumboni. Baba alipomwona akanibeba mabegani, tukawatazama mpaka matawi yakatulia.