Plagi ya Nne

Fundi wa Bigwa hupiga mluzi akifanya kazi, wimbo uleule kila siku, wala hajawahi kuumaliza. Anastasia, aliyekuwa akisubiriwa kanisani Mkuyuni kusimamia ubatizo wa mtoto wa mdogo wake, alikuwa ameusikia ukisindikiza kubadilishwa kwa plagi tatu za mwanzo za gari lake. Ya nne ilijificha nyuma kabisa ya injini, chini ya mabomba. Fundi akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, akazamisha mkono hadi kiwikoni, akafumba macho. Plagi ikagoma. Mluzi ukakatika.

“Fundi, na ikivunjikia humo ndani?”

Fundi akaidondoshea mafuta, akangoja, akalegeza kidogo, akarudisha kidogo, kama mama anayembembeleza mtoto aachie ziwa. Ikatoka nzima, nyeusi kama mkaa. Ile mpya hakuilazimisha kwa spana. Aliichomeka kwenye kipande cha mpira wa petroli, akaizungusha kwa ncha za vidole mpaka ikashika njia yake. Hapo mluzi ukarudi, ukaanzia palepale ulipokatikia.

Anastasia akashusha pumzi, akampigia simu mdogo wake. “Mwambieni Padri asianze, nakuja.”

Injini ilikuwa bado haijawashwa.