Vigingi Vinane vya Bi Kina

Kama hujawahi kuchukiwa na wifi, mshukuru Mungu, halafu kamuulize Bi Kina utamu wake. Jina hilo alipewa na abiria. Miaka ishirini na miwili alivusha watu kwenye hori, ule mkono wa bahari wenye maji ya rangi ya chai na matope ya kumeza kiatu, na mashua yake haikugusa chini hata siku moja. Siri ilikuwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, uliolainishwa na viganja vyake mwenyewe. Aliuchomeka majini, akanyamaza, akausikiliza. Tope halisemi kitu. Changarawe hukwaruza. Mchanga mgumu hulia kwii, mlio ukapanda mpaka kwenye kiwiko, na hapo mwenye akili hugeuza. Abiria akithubutu kupiga soga wakati huo, alikiona.

"Funga bakuli hilo! Nasikiliza!"

Wifi yake naye alikuwa na mashua. Mdomo alikuwa nao kabla ya mashua. Mume wa Bi Kina alipofariki, hata viti vya msiba havijarudishwa kwa wenyewe, wifi alisimama katikati ya sebule akatangaza kwamba mashua ya kaka yake ni mali ya ukoo. Bi Kina alimwonyesha mlango kwa ncha ya upondo huohuo. Tangu siku ile, ukiwaona wanasalimiana, ujue kuna mgeni anatazama.

Basi ofisi ya vivuko ikaamua kuwa wauguzi wa zahanati ya ng'ambo watavushwa na mashua moja tu. Mkaguzi atapanda zote mbili. Itakayogusa chini itaegeshwa, isibebe tena mtu. Wakaitwa ofisini, wakakalishwa kwenye benchi moja lenye mguu mfupi, kila mmoja akijisogeza anamwinua mwenzake.

"Kesho natangulia mimi," akasema Bi Kina.

"Tangulia, wifi yangu," mwenzake akajibu huku akitazama dari. "Hata chambo hutangulia."

Maneno hayo Bi Kina alitoka nayo kama mwiba wa samaki kooni. Alijua jambo moja: wifi hana masikio ya upondo. Hupita kwa kufuata vigingi vinane vyenye vitambaa vyekundu, vilivyochomekwa na ofisi kando ya mkondo. Mchana ule, maji yalipokupwa, Bi Kina akakunja nguo, akaingia matopeni, akang'oa vyote vinane. Akavihamishia hatua ishirini kulia, juu ya fungu la mchanga, maana mkondo wenyewe ni mwembamba, kulia fungu, kushoto fungu. Alirudi nyumbani ana tope hadi kwenye nyusi, akaoga huku akiimba. Yeye kuimba! Majirani walidhani redio imeharibika.

Asubuhi, maji yakiwa yameanza kupungua, mkaguzi akapanda, tumbo likitangulia, viatu vinang'aa. Bi Kina akawasha mashine.

"Upondo huo huutumii?" mkaguzi akauliza.

"Leo nimeupa likizo."

Wa nini tena? Vitambaa vyekundu vile pale, na vigingi alikuwa amevichomeka kwa mikono yake. Kazi ilikuwa kukaa hatua ishirini kushoto kwavyo, basi, mkondo utakuwa chini yake. Akaongeza moto.

"Mama, alama si ziko kule?"

"Vijiti ni vya wanaojifunza, mzee. Mwenye hori ndiye huyu."

Akageuka kumtazama wifi aliyekuwa ufukweni akisubiri zamu yake. Wifi alikuwa amekunja mikono, anatabasamu. Mtu anayekwenda kupwelewa, akwame mchangani, hatabasamu hivyo, na Bi Kina akaanza kulifikiria jambo hilo, ila alichelewa.

Kwii! Safari hii mlio haukuja kiwikoni, ulikuja makalioni. Mashua ikapanda, ikalala ubavu, mkaguzi akapiga magoti bila kuwa na nia ya kusali. Pangaboi ikachimba mchanga, mashine ikakohoa, ikakata roho. Mkaguzi akatoa karatasi yake yenye maji, akapiga mstari kwenye jina la Bi Kina. Mstari mmoja, mrefu.

Wifi akaja taratibu, akipita karibu kabisa na vigingi vya vitambaa vyekundu, maji mengi chini yake. Akasimama pembeni mwa fungu.

"Jana ulichoka, wifi. Nilikuwa naanika nguo roshani, nikakuona. Ulipoondoka nikashuka, nikavirudisha kimoja kimoja. Mgongo unaniuma mpaka sasa."

"Vitu gani hivyo?" mkaguzi akauliza.

"Mambo ya familia," wakajibu wote wawili kwa pamoja, na hilo ndilo neno pekee walilowahi kukubaliana.

Mkaguzi akavua viatu, akakanyaga maji, akahamia kwa wifi. Wifi akarusha kamba.

"Shika nikuvute, maji yanakimbia."

"Kamba hiyo fungia mdomo wako!"

Wakaondoka. Maji nayo yakaondoka, yakamwacha Bi Kina juu ya mchanga mkavu, na saa sita za kungoja yarudi. Akaunyanyua upondo, akauchomeka kwa nguvu. Kwii, mpaka kwenye kiwiko.

"Sasa hivi ndiyo unasema?" akaukaripia. "Asubuhi ulikuwa wapi?"

Upondo ukanyamaza. Ulikuwa likizo.