Lile "Toka!" la Kansanga

Jina langu lifiche, admin, maana wajukuu zangu wamo humu na nusu ya kanisa letu pia. Mimi ni mzee wa miaka sabini na minne, Mkenya niliyezeekea Kampala kwa kazi ya ushonaji. Mwezi mzima sasa sina amani, na amani ndiyo kitu nilichokuwa nikijivunia.

Miaka ya sabini, jeshi likitawala, nilipanga chumba Kansanga, hapa hapa Kampala. Watu walichukuliwa mchana kweupe, na sisi Wakenya tulitazamwa kwa jicho baya. Nilikuwa na wasiwasi mpaka sindano inanichoma vidole. Nikisali kimoyomoyo, mawazo yako barabarani yanasikiliza magari. Ndugu mmoja wa kanisani akaniambia, "Wewe unaubembeleza huo woga. Ufukuze kwa sauti!"

Jioni moja, jua bado liko juu, nikajaribu. Nilipiga meza nikapaza sauti: "Toka! Toka sasa hivi! Humu hukai tena!" Nikakemea mpaka jasho likanitoka. Halafu moyo ukatulia, jamani, utulivu ambao sikuwahi kuuonja. Nikatoka nje nikiimba. Mlango wa jirani yangu, mwalimu Mganda mwenye mke na binti mdogo, ulikuwa wazi. Matoke yako motoni, watu hakuna. Nikajua wanajeshi wamewachukua, na mimi Mungu amenificha nikiwa katika sala. Ushuhuda huo nimeutoa kanisani miaka yote hii, na watu wamelia.

Mwezi uliopita mama mmoja mgeni akasimama kanisani kwetu kushuhudia. "Nilikuwa mutoto, tunakaa Kansanga. Tukasikia majeshi imeingia kwa jirani, Mukenya. Inapiga meza, inasema Toka! Toka! Sisi Kiswahili tulijua ni ya majeshi tu. Taata, baba yangu, akatupitisha kwa dilisha, yeye akaruka, mguu ikavunjika. Alichechemea mpaka kufa. Lakini Mungu alituokoa. Yule Mukenya maskini, walimuua."

Kanisa likapiga makofi. Mimi nikashikilia benchi. Siku ile hakukuwa na mwanajeshi hata mmoja. Nilikuwa mimi.

Tangu hapo nikipiga magoti nauona mguu wa yule mwalimu. Nikisema ukweli, namnyang'anya huyu mama muujiza wake, na wangu unakwenda nao. Nikinyamaza, nasali na uongo kifuani. Na mchungaji, bila kujua lolote, amenipanga Jumapili hii nimwombee mama huyo mbele ya watu, kwa sauti. Mama mwenyewe alinifuata akanishika mikono yote miwili. "Mzee, uniombee sana. Wewe Mungu anakusikia."

Kiswahili changu ni kile kile, na sauti haijabadilika sana. Nishaurini, ndugu zangu: Jumapili nikifungua mdomo, niseme nini?