Wageni Wangu Walibeba Pembe ya Kiwanja cha Mama Zawadi

Nilikosa, na sitafuti wa kunitetea. Niliyemkosea ni jirani yangu wa mtaa wa Mapendo, mjini Goma, mjane. Hapa nitamwita Mama Zawadi.

Mlima Nyiragongo ulikuwa umetapika, moto ukapita katikati ya Goma hadi ziwani. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Moto ulipopoa, mtaa wetu ulilala chini ya jiwe jeusi: nyumba, vyoo, njia. Kila mwenye kiwanja alipanda juu, akakisia palipokuwa kwake, akarundika mawe kwenye pembe nne. Hati ziliungua. Mawe hayo ndiyo yalikuwa hati!

Mama Zawadi alikwenda Kibumba kuwachukua watoto wake. Akaniambia, "Jirani, unichungie pembe zangu. Ule mutu wa nyuma yangu simuamini."

"Enda tu, mama. Niko hapa."

Wakati hayupo, shemeji yangu wa Bukavu akaja na mkewe kutalii. Niliwapokea Sake, tukafuata kwa gari lao barabara ya kando ya ziwa. Migomba ilishuka hadi majini. Kwenye kizuizi cha waasi shemeji aligawa sigara, tukapita tukicheka. Watu waliokuwa wakirudi na magodoro kichwani tuliwapigia honi watupishe. Loo, nilivyojiona mkubwa!

Nikawapandisha mtaani kwetu, mahali ziwa lilipoonekana vizuri. Mke wa shemeji akataka mawe ya kuzungushia maua yake. Kuyavunja kunakata mikono. Akaona rundo la pembe moja ya Mama Zawadi.

"Haya yamekwisha kuvunjwa!"

"Hayo ni ya mutu," nilisema, kwa sauti ndogo.

Shemeji akacheka. "Muji muzima ni mawe! Unamunyima bibi yangu jiwe?"

Niliogopa kuonekana mchoyo. Buti la gari nililifungua mimi mwenyewe!

Mama Zawadi aliporudi, yule jirani wa nyuma alikuwa ameshasogeza rundo lake hadi palipokuwa chumba cha watoto wa mama huyo. Walitukanana, wakakunjana mashati. Shefu wa mtaa akaniuliza nani aliondoa mawe.

"Pengine watoto," nikasema.

Uongo mtupu! Na kwa uongo huo shefu akalikubali rundo la yule bwana, kiwanja cha mama kikakatwa. Kipande kilichobaki hakitoshi nyumba.

Sikupata raha tena. Nikaenda Bukavu, nikayang'oa mawe kwenye maua huku mke wa shemeji akinifokea, nikayarudisha ndani ya gunia. Niliyamwaga mbele ya Mama Zawadi, nikamweleza yote.

Aliyatazama, akanitazama.

"Haya, turisti. Utayaweka wapi?"

Pale penye pembe yake, yule bwana alikuwa ameshasimamisha mbao za ukuta.

Ewe unayesoma, wageni watembeze, waonyeshe ziwa na mlima. Lakini penye msiba wa watu usiokote hata jiwe kabla hujauliza ni la nani. Na ukiulizwa, sema kweli siku hiyohiyo! Mimi leo mtaa mzima unaniita Turisti, yaani mtalii, hata nikisimama mlangoni kwangu mwenyewe.