Abacost Zangu Zilipofika Kigali

Taabu ilinianza mwaka 1976, nikiwa na miaka thelathini. Nilishona abacost, lile koti la kola iliyofungwa ambalo Zaïre nzima tulilivaa kwa sababu tai ilikatazwa. Kila koti niliweka alama: «Alimasi, Kisangani–Paris». Paris niliijua kwenye kalenda tu. Wakubwa wa mji walivaa makoti yangu, kichwa kikavimba, nikasema sasa nitauza ng'ambo. Nikashona makoti arobaini, nikauza mashini yetu pekee nipate nauli ya lori la Kigali.

Mke wangu Zaina akasema: «Bon, Papa Alimasi. Ukirudi mikono mitupu, utashona na meno.»

Njiani, huko Bafwasende, lori lilizama kwenye matope siku tatu. Wenzangu walisukuma, mimi nilibaki juu ya magunia, nimevaa koti langu. Dereva akapiga kelele: «Na wewe, mutu ya Paris, shuka usukume!» Nikashuka.

Kigali nilifika siku ya kumi na nane. Mzee Saidi, fundi wa mtaa wa Nyamirambo, alinipokea. Akaligeuza koti, akatafuta kifuani.

«Mshono safi, ndugu. Tai inakaa wapi?»

«Haikai.»

«Hapa mwanamume akienda arusini bila tai wanamuuliza kama amefiwa. Ifungue kola, uikunje.»

Aibu ikanishika. Ushonaji nilijifunza tai ikiwa imeshakatazwa. Kola ya wazi sikuwahi kukata hata moja. Niliharibu makoti matatu, Saidi akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipeleka kwa mwenye hoteli, na huyo akanunua yote thelathini na saba yaliyobaki, awavalishe wahudumu wake wa meza.

Kisangani nilirudi na mashini mpya na mdomo mkubwa. Sokoni nilitangaza: «Hoteli kubwa ya Kigali inavaa Alimasi!» Sikudanganya. Wateja walijaa mpaka barabarani. Halafu mkurugenzi mmoja, mteja wangu wa kwanza, akatumwa Kigali kikazi. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwangu, koti mkononi.

«Alimasi! Hotelini muzungu ameniagiza chai! Mara mbili!»

Nikamuuliza kama alimpelekea. Mdomo huo ulinifukuzia wakubwa wote.

Mwaka uliofuata nilirudi kwa Saidi bila koti hata moja. Miezi miwili nilikata kola za wazi kama mtoto wa darasa la kwanza, maana nilikuwa nimeelewa: mimi nilikuwa fundi wa koti moja tu. Tai iliporuhusiwa, miaka mingi baadaye, wakubwa walirudi wenyewe.

Leo niko na nyumba ya matofali katika commune ya Tshopo, mtaa wa hapa Kisangani, mashini nne, pasi mbili za makaa, baiskeli, na shamba la mihogo.